Zahran Mpika Halua na Sufuria Isiyogongwa

Wametusimulia waliotutangulia, nao walisimuliwa na watu walioila halua yenyewe, kwamba katika mji mmoja wa milimani huko Omani ya kale, mji wenye mfereji wa maji unaopita chini ya kuta za nyumba, aliishi mja mwema aitwaye Zahran bin Warith. Kazi yake ilikuwa kupika halua. Swala tano hazikumpita, Jumatatu na Alhamisi alifunga, na mizani yake haikupata kumdhulumu mtu hata punje ya lozi.

Mpika halua anayefunga, ndugu zangu! Hebu lipimeni hilo. Mtu anakoroga samli na zafarani tangu asubuhi, harufu inampanda puani, mate yanamjaa kinywani, na hadokoi hata kwa ncha ya kidole. Wengine wetu tukifunga, tukapita tu dirishani kwa jirani anayekaanga kitunguu, tunaanza kuuliza magharibi imebaki kiasi gani.

Sasa ijueni na halua yenyewe. Halua haina adabu. Wali ukiusahau kidogo utakusubiri, nyama itakusubiri, lakini halua haimsubiri mtu. Tangu wanga umiminwe katika sukari inayochemka mpaka samli ipande juu na halua ianze kuachana na sufuria, ni saa nne za kukoroga kwa mwiko mrefu kama nguzo ya hema, bila kusimama. Ukisimama kujikuna, inashika chini. Ukisimama kuitikia salamu, inashika chini. Na ikishashika chini, moshi huingia sufuria nzima, na hapo hata mbuzi ataionja na kukupa pole.

Kwa ajili hiyo, wapika halua wa mji ule, ambao maduka yao yalitazamana katika mtaa mmoja mwembamba, walikuwa na desturi waliyorithi kwa babu zao. Mwenzao akizidiwa, mkono umekufa, au ana mgonjwa ndani, au tumbo tu limemgeuka, aligonga ukingo wa sufuria kwa mwiko mara tatu. Ko! Ko! Ko! Aliyesikia, kama ana nafasi, alinawa mikono, akapiga bismillahi, akaingia na kuupokea mwiko. Haulizi kitu, hapewi kitu. Sharti lilikuwa moja tu: pasipogongwa, haingii mtu. Jiko la mtu ni siri yake, na kiasi cha iliki anachotia ni siri kubwa zaidi.

Ng'ambo ya duka la Zahran, hatua sita tu, lilikuwa duka la Muhenna bin Azzan. Huyu, Mola alimjaalia mwili. Tumbo lake lilikuwa likifika msikitini kwanza, mwenyewe akafuata. Naye aligonga kwa kila jambo. Ukingo wa sufuria yake ulikuwa mabonde na vilima, kama njia ya punda. Na wenzake wakiwa na shughuli, aliwadaka wapita njia:

"Ewe mwenye punda! Mnyama wako amechoka, na mkono wangu umekufa. Mfunge huyo, uje umfufue huyu!"

Siku moja alimkabidhi mwiko kadhi wa mji, naye amevaa joho lake na kilemba chake. Kadhi, Mwenyezi Mungu amrehemu, akakoroga mpaka jasho likamtiririka ndevuni, na Muhenna ameketi mkekani anamsimamia: "Chini, Sheikh, chini! Haki haielei juu, iko chini kabisa ya sufuria!"

Mtaa mzima ukacheka, na kadhi mwenyewe akacheka. Zahran hakucheka. Alitikisa kichwa akasema moyoni, "Mtu huyu hana haya. Mwenye Mola, anahangaika na waja wa nini?"

Maneno hayo yalikuwa na asili yake. Miaka kumi na minane nyuma, baada ya swala ya alasiri, imamu wa mji, Sheikh Musabbah, aliketi kusomesha. Sheikh huyu alikuwa na mazoea ya kuweka mswaki wake nyuma ya sikio, kama seremala na kalamu yake. Akasimulia habari za wacha Mungu wa zamani waliojiwekea ahadi ya kutomwomba mtu kitu, hata mmoja wao akidondosha fimbo naye yuko juu ya ngamia, hamwambii aliye chini "nipe," bali humpigisha ngamia magoti, akashuka, akaiokota mwenyewe. Zahran akalia mpaka kanzu ikalowa. Lakini dukani alikuwa ameacha sukari juu ya makaa, na harufu ya sukari inayoanza kuungua ikamfuata mpaka safu ya pili. Akainuka taratibu, akachukua viatu vyake, akatoka. Darasa akaliacha katikati.

Tangu siku ile akaweka nadhiri: hatamwomba kiumbe kitu, na sufuria yake haitagongwa. Miaka kumi na minane haikugongwa. Kila Alhamisi aliisugua kwa limau na majivu mpaka ukingo wake ukang'aa kama pete. Wenzake walipogonga, alikuwa wa kwanza kufika. Hilo lisifichwe, alikuwa mwepesi wa kusaidia. Lakini yeye asaidiwe? Abadan.

"Jirani," Muhenna alikuwa akimwambia kutoka ng'ambo, "hiyo ni sufuria au bibi harusi? Mbona haiguswi?"

"Mola wangu ananitosha."

"Anakutosha, nani kabisha? Lakini mkono wako unatetemeka, nauona kutoka hapa. Mimi nimekugongea mara ngapi, na mara ngapi umekuja? Nawe gonga basi, hata mara moja, nami nipate thawabu. Au pepo unaitaka peke yako?"

Zahran alitabasamu kwa upole, na upole wake ule, ukiutazama vizuri, ulikuwa na pua iliyoinuka kidogo.

Mtu ataniuliza: mkono mmoja, saa nne, miaka kumi na minane, aliwezaje? Ndipo hapo. Zahran alikuwa na mke, Bi Zuwena binti Hilal. Mama huyu, mabinti zake wawili walipokwisha kuolewa, alikaa chumba cha nyuma ya jiko akishona kofia. Na si kofia za kufichia upara! Vitundu vya nakshi yake vilikuwa vidogo hata mabwana harusi walivaa kofia zake, na maimamu wa miji ya mbali waliziagiza. Mkono wake wa kulia, walisema watu, una macho.

Basi mkono wa Zahran ulipozidiwa, hakuomba, la! Nadhiri ni nadhiri. Alikohoa. Ehm! Bi Zuwena akachomeka sindano kwenye kofia, akafunga ushungi, akaja, akashika mwiko. Hawakuambiana neno. Zahran aliketi, akanyoosha mkono, akavuta uradi. Akipata nguvu aliinuka, na mke akarudi kwenye kofia yake. Mara tatu au nne kila siku. Na Zahran hakuona kwamba amemwomba mtu kitu. Kwake kile kilikuwa kikohozi.

Ukafika mwaka wa majaribu. Ilikuwa desturi ya mji ule kwamba mahujaji wakirudi kutoka Makka, kitu cha kwanza kuingia vinywani mwao langoni kiwe halua ya moto, iliyopikwa katika sufuria moja, kwa heshima ya msafara. Siku hiyo maduka mengine yote yalizima moto. Mwaka ule wazee wakampa Zahran heshima hiyo, wakamwambia, "Sufuria ya leo ni mara mbili ya ile ya kila siku. Chukua wenzako wawili watatu."

Akasema, "Mola wangu atanitosha."

Na Bi Zuwena alikuwa na homa, siku yake ya tatu. Asubuhi ile, kabla moto haujawashwa, alimwita mumewe kitandani, akamwambia, "Bwana Zahran, leo sijiwezi. Magoti yangu ni maji. Nakusihi, ukichoka, gonga. Bwana Muhenna yuko hapo mlangoni."

"Lala, binti Hilal," akamjibu. "Leo nitakoroga peke yangu."

Akawasha moto, akasema bismillahi, akaanza. Saa ya kwanza ikapita. Saa ya pili ikapita. Ya tatu, halua ikawa nzito. Ukiitazama kwa mbali usingejua nani anamkoroga mwenziwe, Zahran anakoroga halua au halua inamkoroga Zahran. Mabega yakawaka moto. Vidole vikaanza kufumbuka vyenyewe kwenye mwiko.

Ng'ambo, hatua sita, Muhenna ameketi kwenye kizingiti chake, moto wake umezimwa, mikono ya kanzu ameikunja mpaka kwenye viwiko.

"Jirani! Nimeshanawa! Hii mara ya pili, mfereji utakauka kwa ajili yako!"

Zahran akautoa mwiko, akauinua mpaka usawa wa ukingo. Ukabaki pale, halua inachuruzika. Muhenna akainuka nusu, matako hewani, anangoja. Zahran akauona ukingo unavyong'aa. Akawafikiria watu langoni wakiambizana, "Hata Zahran leo kagonga." Miaka kumi na minane, ivunjwe mbele ya mahujaji?

Akaurudisha mwiko ndani.

Kisha akakohoa. Mara moja, tena si kwa nguvu.

Bi Zuwena akaja amejishika ukutani. Zahran alimwona. Aliuona uso wake, na aliuona mkono unaotafuta ukuta. Akampa mwiko, akaketi, akaanza uradi wake. Mama wa watu akazungusha mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne magoti yakamwacha, akaanguka mbele, na mkono wake wa kulia ukazama katika halua mpaka kwenye kifundo.

Maji yanayochemka humwagika yakaenda zao. Halua hung'ang'ania.

Ukelele ulipotoka, Muhenna hakungoja kugongewa. Aliingia na mwili wake wote, akamnyanyua mama yule kama mtoto, akamkimbiza mferejini, akautia mkono wake katika maji baridi, na kilemba chake mwenyewe akakichana kuwa vitambaa. Nyuma yao halua ikashika chini, ikaungua. Mahujaji wa mwaka ule walipokewa kwa tende na maji.

"Hatua sita, Zahran!" Muhenna alikuwa akilia mferejini, na hakuna mtu mtaani aliyepata kumwona akilia. "Hatua sita! Mikono nimenawa!" Kisha akajipiga kifua. "Na mimi mpumbavu nikakaa kizingitini nangoja nigongewe. Nilimwona amechoka. Nilikuwa nataka tu aanze yeye."

Tabibu akautibu mkono kwa asali na dawa zake muda wa miezi mitatu. Kidonda kikapona. Lakini vidole vilishikana na kujikunja kama jani lililokauka, wala havikukunjuka tena. Kofia aliyokuwa akiishona, nayo ilikuwa ya Sheikh Musabbah, ikabaki kikapuni, pande tatu zimejaa vitundu na upande mmoja mtupu, sindano imechomekwa palepale alipoiacha kwa ajili ya kikohozi cha mwisho kabla ya homa.

Wala msidhani mtihani uliishia hapo. Hapo ndipo ulipoanza. Watu wa mji, kwa kuwa Zuwena hakusema na Zahran hakusema, walijisimulia wenyewe. Wakasema mke mwema aliinuka kitandani kwa mapenzi yake, hakuweza kumwona mumewe akihangaika. Wakasema tazameni subira ya Zahran: halua imeungua, heshima imempotea, mke amepata kilema, naye hakunung'unika. Wakaanza kumwamkia kwa mikono miwili. Walimletea watoto wao awaombee dua. Zahran akanyamaza. Kila alipotaka kusema, ulimi ulimganda kama halua ya jana.

Na ndani ya nyumba mambo yalikuwa haya. Bi Zuwena, aliyejifunza kwa mumewe kutoomba kitu, sasa ilimbidi aombe kila kitu. "Bwana Zahran, nifungie ushungi." "Nimegee mkate." "Nisukie nywele, nisamehe, mkono wa kushoto haufiki." Naye alimfungia, alimmegea, alimsuka, mistari ikaenda upogo kama mbuzi waliokosa mchungaji. Na kila alipomaliza, Bi Zuwena alimwambia, "Ahsante."

Neno hilo lilimchoma. Mwanzoni hakujua kwa nini. Kisha akajua: miaka kumi na minane, mara tatu au nne kwa siku, yeye hakupata kumwambia mkewe neno hilo hata mara moja. Aliona hana la kushukuru, maana hakuwa ameomba.

Ijumaa moja baada ya alasiri, msikiti umejaa, Sheikh Musabbah alisomesha juu ya subira. Akamtafuta kwa macho yake mazee, akamnyooshea mkono.

"Na mkitaka kuiona subira imevaa kanzu, mtazameni ndugu yenu Zahran bin Warith."

Watu wakageuka, wakanong'ona mashaallah. Zahran akasimama.

"Sheikh, usinisifu."

"Kaa, mwanangu. Unyenyekevu wako tunaujua."

"Si unyenyekevu, Sheikh. Nilikohoa."

Watu wakatazamana. Mzee mmoja wa safu ya nyuma akasema, "Apewe tangawizi na asali, itampoa." Wengine wakacheka. Zahran hakuketi.

"Nisikilizeni. Mke wangu hakuja kwa mapenzi yake. Nilimwita. Miaka yote hii nilikuwa nikimwita kwa kikohozi ili nisiseme 'nisaidie.' Siku ile nilijua ana homa. Aliniambia kwa kinywa chake nigonge. Nilimwona Muhenna amenawa mikono. Nikaona aibu kumgongea mwanamume mwenzangu, na sikuona aibu kumkoholea mgonjwa. Ule mkono si msiba ulionishukia. Ni mimi niliyeufanya."

Muhenna, kwenye nguzo, aliinamisha kichwa chake kikubwa.

Sheikh akauliza polepole, "Ni nani aliyekufundisha kwamba kumgongea jirani ni kumsahau Mola?"

"Wewe, Sheikh. Darasa la fimbo na ngamia."

Mzee akautoa mswaki sikioni, akautazama kwa muda mrefu kama kwamba jibu limeandikwa humo.

"Siku ile uliondoka," akasema.

"Sukari ilikuwa inaungua."

"Nilikuona ukichukua viatu. Mwanangu, darasa lile lilikuwa na nusu yake nyingine." Akaurudisha mswaki mahali pake. "Niliwaambia waliobaki hivi: watu wale hawakuomba ili wasimtwike mwenzao mzigo. Usije ukaacha kuomba ili tu usionekane una mzigo. Hilo si tawakali, hicho ni kiburi kilichotia udhu. Kisha nikawauliza: Nabii Musa, amani iwe juu yake, alipopewa kazi kubwa kuliko nguvu zake, alimwomba nani? Wakasema, alimwomba Mola wake. Nikawauliza: na aliomba nini? Upanga? Dhahabu? Aliomba mtu! Aliomba nduguye Haruni awe msaidizi wake. Basi anayesema 'Mola ananitosha,' na huku amemfungia mlango jirani aliyeletwa na Mola huyohuyo, amemfukuza mjumbe, kisha anadai anamtii aliyemtuma."

Zahran akafunika uso wake kwa viganja.

"Wala kosa si lako peke yako," akaendelea Sheikh, na sauti yake ikapungua. "Miaka kumi na minane nimepita mbele ya duka lako, nikaiona sufuria inayong'aa, nikadhani ni usafi. Sikukuuliza. Nisamehe."

"Nifanye nini nifidie, Sheikh?"

"Mkono hautarudi, usinitafutie fatwa ya kuurudisha. Nenda nyumbani ukaombe."

"Nimwombe nani?"

"Anza na aliye karibu."

Zahran akarudi nyumbani, akaketi chini mbele ya mkewe, akamwambia, "Zuwena, nisamehe."

"Nilikusamehe palepale mferejini," akajibu. "Lakini Bwana Zahran, maadamu umeomba, nami niseme. Hukunikosea siku ile tu. Anayeombwa kwa mdomo anaweza kusema leo siwezi. Anayeombwa kwa kikohozi hana pa kukatalia, wala hapati ahsante. Ungeniambia 'Zuwena, nisaidie,' ningekuja nikiimba."

Akamwambia ahsante. Akairudia, na akairudia tena, kama mtu anayelipa swala za kadha zilizompita, akaona hazitoshi na hazitatosha.

Ile kofia, wanawake wa mtaani walitaka kuimalizia. Sheikh Musabbah akakataa. Akaichukua vilevile, akaivaa na upande wake mtupu, na kila mwanafunzi alipoinuka katikati ya darasa, mzee aliigeuza kichwani ule upande mtupu ukawa mbele, asiseme kitu. Mwanafunzi akaketi.

Baada ya siku chache Zahran akawasha moto tena, mara ya kwanza tangu mkono ule uungue. Bi Zuwena aliketi mlangoni mwa jiko, mkono wa kushoto umeushika wa kulia mapajani kama anayembembeleza mtoto. Ng'ambo, Muhenna alikuwa kizingitini kwake. Miezi ile yote hakufanya mzaha. Mtaa ulikuwa umepoa kama jiko la mwezi wa Ramadhani mchana. Saa ya pili mkono wa Zahran ukaanza kuzidiwa. Koo likamwasha. Ndiyo, ndugu zangu, koo! Mazoea ni jini. Akakimeza kikohozi. Akainua mwiko.

Ko.

Mtaa ukatega sikio.

Ko.

Ya tatu ikachelewa. Akamtazama mkewe. Bi Zuwena akamwinamishia kichwa.

Ko!

Wallahi mtaa ulimwagika. Hakuna aliyeuliza nani ana nafasi. Walikuja watu kumi na mmoja, mmoja ana sukari mpaka kwenye nyusi, mwingine ameacha sufuria yake kwa mteja. Lakini Muhenna alikuwa wa kwanza, na kwa haraka yake akaingia mlangoni kwa upana badala ya ubavu, akakwama, na wote kumi wakakwama nyuma yake.

"Nisukumeni!" akapiga kelele. "Nisukumeni kwa ajili ya Mungu! Thawabu hizi ni zangu, nimezingoja miaka kumi na minane!"

Wakamsukuma. Akaingia, akanawa, akaupokea mwiko, akaanza kukoroga na machozi yanamtiririka.

"Angalia usitie chumvi humo," Zahran akamwambia, naye pia analia.

"Nyamaza, jirani. Leo kaa chini, wewe ni mgeni."

Bi Zuwena akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ile. Akainua mkono wake wa kulia autie mdomoni kuficha kicheko, kama ilivyokuwa tabia yake, kisha akakumbuka, akaurudisha mapajani.

Zahran aliliona hilo. Akazihesabu kwa macho zile hatua sita kutoka kizingiti mpaka jiko. Akasikia masikioni mwake mapigo matatu ya mwiko, yanayokwisha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Bei ya kuuokoa mkono ule ilikuwa hiyo tu.

Wanasema aliishi miaka mingi baada ya hapo, na ukingo wa sufuria yake ukajaa mabonde kama wa Muhenna. Halua yake ikasifiwa zaidi, maana mkono uliopumzika haukosei moto. Lakini hakugonga hata mara moja ila kwanza aligeuka kumtazama mkewe, na hata baada ya Bi Zuwena kutangulia mbele ya haki, aliendelea kugeuka kuutazama mlango ule mtupu, ndipo akagonga.

Basi wewe mwenye duka, mwenye genge, mwenye cherehani moja na wateja kumi, usijisifu kwamba hujamsumbua mtu. Chunguza kwanza ndani ya nyumba yako kama hakuna mtu anayeitikia kikohozi chako. Mola hamshushii mja chakula kwa kamba kutoka mbinguni, wala msaada haushushi hivyo; huuweka hatua sita kutoka mlangoni, akaunawisha mikono, akaukalisha kizingitini ungoje. Atujaalie tugonge mapema, na atusamehe kwa ajili ya wale walioungua tukiwa tunausugua ukingo ung'ae. Amin.